Timu inayofanya kazi kwa mbali: tutatambuaje kwamba mwenzetu ameelemewa?

Msimamizi_Dar:
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninasimamia wahandisi sita wa programu walioko Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kampala, nasi tunamhudumia mteja aliyeko California. Hatuna ofisi, na kikao chetu cha kila siku huanza saa tatu usiku kwa saa zetu, kwa kuwa ndiyo saa nne asubuhi ya mteja. Kwa muda sasa kijana wetu mmoja, ambaye zamani hakuacha hoja ipite bila kuihoji, amezima kamera, anajibu "sawa" kwa kila jambo, na msimbo wa programu anaoutuma GitHub, ghala letu la kazi mtandaoni, unaingia saa tisa au saa kumi usiku. Kazi yake haina kasoro, na hilo ndilo linalonitatiza, kwa sababu sina pa kuanzia. Makao makuu wametushauri tucheze michezo mtandaoni kila Ijumaa jioni; watu huingia, hunyamaza, kisha hutoka. Nimuulizeje bila kuonekana ninampeleleza? Na je, kuna ninachopaswa kukibadilisha kabla hata ya kumuuliza?

MlinziWaSeva:
Mkuu, anza na hilo swali lako la pili. Mtu anayetoka kikaoni saa nne usiku akiwa amekabidhiwa marekebisho mapya hawezi kwenda kulala. Ataifungua kompyuta "kidogo tu", na hiyo saa tisa unayoiona imetokana na ratiba yenu kabla ya kutokana na tabia yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na inahesabu kazi inayofanywa baada ya saa mbili usiku kuwa kazi ya usiku yenye malipo ya ziada. Pigeni hesabu zenu wenyewe. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40.

Mwombeni mteja aingie saa moja asubuhi kwake, ambayo kwetu itakuwa saa kumi na mbili jioni, mara mbili kwa wiki, na siku nyingine mwandikiane taarifa fupi. Vilevile tazameni zamu ya dharura: aliyeamshwa usiku kwa sababu seva imeanguka asitarajiwe kazini asubuhi yake, na asilazimike kuomba ruhusa hiyo.

Nasaha_Arusha:
Mimi ni mshauri nasaha. Ninakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila ratiba haielezi kila kitu. Shirika la Afya Duniani linauhesabu uchovu uliokithiri wa kazini kuwa jambo linalotokana na kazi, wala haliuiti ugonjwa. Sonona ni ugonjwa, nayo humfuata mtu hata akiifunga kompyuta, ikagusa usingizi wake, hamu yake ya kula na mambo aliyoyapenda. Si kazi yako kuamua kijana ana lipi. Mpigie simu ya sauti mchana, mkiwa wawili tu, umweleze ulichokiona bila kukipa jina: "Nimeona kazi zako zinaingia alfajiri, na sikusikii tena vikaoni. Unaendeleaje?" Kisha nyamaza, hata kama ukimya utakuwa mrefu.

Jambo moja timu za mbali husahau: je, unajua kila mmoja anaishi mtaa gani, na ndugu yake yupi apigiwe? Mtu akikuambia kwamba haoni haja ya kuishi, ujumbe wa Slack, programu ya kuandikiana kazini, hautamfikisha hospitalini. Anayehitajika ni mtu wa karibu atakayekwenda kukaa naye saa hiyo hiyo.

Kibarua_Huru:
Kwa heshima zote, dada Nasaha, wengi wetu hatutajibu swali hilo kwa ukweli. Sheria iliyotajwa inamlinda mwajiriwa, ilhali wengi tuna mikataba ya kujitegemea inayoweza kusitishwa kwa barua pepe moja, na siku tusiyofanya kazi hailipwi. Tena hapa kwetu jina la Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, bado ni utani wa mitaani. Nani atamwambia msimamizi wake kwamba anamwona daktari wa akili? Kinachosaidia ni siku za mapumziko zenye malipo, zilizoandikwa ndani ya mkataba, ambazo mtu anazichukua bila kuulizwa sababu. Na msimamizi mwenyewe awe wa kwanza kuzichukua, vinginevyo hakuna atakayethubutu.

Msimamizi_Dar:
Nimewasoma wote, asanteni. Namba za ndugu zao sina hata moja, nitaziomba wiki hii. Pendekezo la saa moja asubuhi ninalipeleka kwa mteja kesho, na suala la siku zenye malipo litabidi lisubiri mikataba inapohuishwa, maana bajeti haiko mikononi mwangu. Kijana nitampigia baada ya chakula cha mchana. Michezo ya Ijumaa nimeifuta.