Namba ya meseji inatosha kulinda akaunti ya fedha?

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, habari za kazi. Akaunti yangu ya benki ya mtandaoni ina nywila ndefu, na kila nikiingia natumiwa namba ya tarakimu 6 kwa meseji. Nilidhani hapo nimemaliza, ila nasikia wenye mpangilio huohuo bado wanakombwa. Mwizi anapitia wapi ikiwa namba inakuja kwenye simu iliyo mkononi mwa mwenyewe? Na nianze kurekebisha nini? Ushauri ni mwingi: mara badili nywila kila miezi mitatu, mara angalia alama ya kufuli.

Mkuki_Kimya
Mkuu, njia kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni laini. Meseji haiifuati simu, inaifuata laini. Tapeli akimdanganya au kumhonga mhudumu wa kampuni ya simu, namba yako inahamishiwa kwenye laini mpya. Iliyo mkononi mwako inakufa hapohapo, na meseji zote zinatua kwake. Dalili yake ni simu kukosa mtandao ghafla huku wenzako wa mtandao uleule wakipiga kama kawaida. Ikitokea hivyo, usiishie kuzima na kuwasha simu. Azima simu nyingine uwapigie kampuni ya simu na benki.

Ya pili ndiyo inayomaliza wengi: namba unaitoa mwenyewe. Ukurasa bandia wa siku hizi haukusanyi nywila za kutumia kesho. Unakaa katikati. Ukiandika nywila, ukurasa huo unaipeleka papo hapo kwenye tovuti halisi. Tovuti halisi inakutumia meseji halali kabisa. Unaiandika namba palepale, nayo inapelekwa. Mlango umefunguka, na aliyeingia si wewe. Kwa hiyo programu ya kuzalisha namba, mfano Google Authenticator, inaziba tundu la laini lakini haizibi hili. Namba yake hubadilika kila sekunde 30, na kwa mashine sekunde 30 ni muda mrefu sana.

Kinachoziba yote mawili ni pasikii (passkey, ufunguo wa kidijitali unaotunzwa kwenye kifaa chako na kutumika badala ya nywila), au ule ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye USB. Umefungwa kwenye anwani ya tovuti uliyojisajilia, na anayekagua anwani ni kivinjari, si macho yako yaliyochoka. Herufi moja ikitofautiana, ufunguo haujibu. Tena hakuna namba ya kusoma, basi hata akupigie "afisa wa benki" mwenye sauti tamu, huna cha kumtajia. Benki yako ikiwa nayo, iwashe, kisha ondoa meseji kama njia ya akiba pale inapowezekana. Ukiiacha, mwizi atabofya "jaribu njia nyingine" na umerudi mwanzo.

Kufuli? Linasema mawasiliano yamefichwa njiani, basi. Halisemi upande wa pili yuko nani. Shirika la Let's Encrypt linatoa bure tangu 2015 vyeti vinavyoipa tovuti kufuli hilo, na tapeli naye anavipata. Soma anwani yenyewe: tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha rudi kushoto. Kwenye https://benkiyako.com.hakiki.example/ingia mwenye nyumba ni hakiki.example. Hayo maneno ya mbele ni pambo.

Hesabu_Mbili
Naunga mkono, ila ningeanzia kwenye barua pepe kabla ya benki. Huduma nyingi za fedha hutuma huko kiungo cha kuweka nywila mpya, kwa hiyo anayeishika ana funguo za nyumba nzima. Ipe nywila isiyotumika popote pengine, iwekee pasikii, kisha ingia kwenye mipangilio uangalie kama kuna sheria inayosambaza barua zako kwenda anwani usiyoijua. Wezi huiacha hiyo nyuma, na kubadili nywila hakuiondoi.

Habari ya miezi mitatu iache. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliachana na ushauri huo mwaka 2017, kwa sababu watu huongeza tu tarakimu mwishoni. Badili pale inapovuja. Tumia programu ya kutunza nywila, na ikikataa kujijaza kwenye ukurasa wa benki, usinakili na kubandika kwa nguvu. Huenda imeona anwani ambayo wewe hujaiona.

Halafu kuna watu huchanganya PIN ya laini na ulinzi dhidi ya kuhamishiwa namba. PIN hiyo inamzuia aliyeiba simu asihamishie laini kwenye simu yake: akikosea mara 3 itadaiwa PUK (namba ya kufungulia laini iliyojifunga), na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa moja kwa moja. Kwa uhalifu wa kuhamishiwa namba kwenye laini mpya kupitia mhudumu, haifanyi lolote. Huo unazuiwa na kampuni yenyewe, kwa hiyo waulize kama wanaweza kufunga ubadilishaji wa laini.

fundi_skrini
Hayo yote yanategemea simu iwe safi. Kwenye Android, programu mbaya huomba ruhusa ya Ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya wasioona vizuri. Ikiipata, inasoma kioo, inabonyeza yenyewe, na inaweza kuweka ukurasa wake juu ya programu ya benki. Nyingi huja kama faili la APK (la kuweka programu kwenye Android) lililotumwa kwa meseji. Fungua mipangilio ya Ufikivu, na kila usichokitambua kizime. Kikigoma kufutika, washa simu katika hali salama (safe mode) ukifute huko.

AnyDesk na TeamViewer ni programu halali za kuendesha kifaa cha mtu kutoka mbali, lakini anayekupigia bila kumwita akikutaka uweke mojawapo "tukurekebishie akaunti", kata simu.

Zamu_ya_Usiku
Asanteni sana wakuu. Na aliyekwisha andika namba kwenye ukurasa bandia?

Mkuki_Kimya
Apige benki kwanza, kwa namba iliyo nyuma ya kadi, si ile iliyompigia. Aombe akaunti isimamishwe. Kisha, kwa kifaa kingine, abadili nywila na *aondoe vifaa vyote vilivyoingia*; hapa ndipo wengi huteleza, kwani kwenye baadhi ya huduma nywila mpya haimtoi aliyekwisha kuwa ndani. Akague orodha ya wapokeaji waliosajiliwa, kikomo cha kutuma, na namba ya simu iliyo kwenye akaunti.

Hesabu_Mbili
Na akipigiwa wiki moja baadaye na mtu anayeahidi kumrudishia hela kwa ada kidogo, ajue ni walewale. Orodha za waliokwisha tapeliwa huuzwa.