Tupeane uzoefu: Chemshabongo za kidijitali darasani, mwanafunzi anaelewa au anachangamka tu?

Mwalimu wa Fizikia (mleta mada)

Ndugu walimu, wakufunzi na wanafunzi, salaam. Kwa muda sasa ninatumia michezo ya chemshabongo katika kufundishia, hasa Kahoot!, ambamo swali huonekana kwenye skrini na wanafunzi hushindania alama kwa kujibu haraka kwenye simu zao. Mchezo huo ulitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Norway na ukafunguliwa kwa umma mwaka 2013. Naomba tupeane uzoefu, ila tusiishie kusema kwamba wanafunzi walifurahi, maana hilo karibu kila aliyejaribu amelishuhudia. Tuelezane mwalimu alifanya nini kabla ya swali, na alifanya nini baada ya majibu kuonekana.

Nianze mimi. Kuna swali ambalo silichoki: jiwe limerushwa juu wima, lifikapo kileleni, kabla halijaanza kushuka, mchapuko wake (yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi yake) ni upi? Wengi hujibu kuwa ni sifuri, kwa kuwa wanaona kasi yake wakati huo ni sifuri, ilhali mvutano wa dunia haukomi hata kidogo na mchapuko unabaki ule ule, ukielekea chini. Swali la namna hii siliweki katika mashindano, kwa sababu Kahoot! hutangaza jibu sahihi mara muda unapokwisha, na jibu likishatangazwa hakuna anayetaka tena kujadili. Nalipeleka kwenye kura ya kawaida ya Mentimeter, programu ya kupigia kura mtandaoni, ambako nguzo za majibu zinaonekana bila kutajwa lililo sahihi. Kisha namwomba kila mmoja amshawishi jirani yake, na tunapiga kura upya. Utaratibu huo si wangu. Mwanafizikia Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard aliuanza mwaka 1991, naye hushauri majadiliano yafanyike pale waliopata jibu sahihi wanapokuwa kati ya asilimia 30 na 70. Wakiwa wachache zaidi ya hapo, ni heri kurudia somo, kwani wanaojadiliana wote hawajui.

Mwalimu wa Jiografia

Ahsante kwa mada, mwalimu mwenzangu. Shuleni kwetu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo mimi hutumia programu ya Plickers, ambayo inahitaji simu moja tu, ya mwalimu. Kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye umbo la miraba myeusi, na kila upande wa umbo hilo una herufi yake kuanzia A hadi D. Anaigeuza kadi ili herufi aliyoichagua iwe juu, nami nalipitishia darasa zima kamera ya simu. Seti ya kawaida ina kadi 40, kila moja ikiwa na umbo tofauti na nyingine, hivyo kumwibia jirani jibu kwa kutazama kadi yake ni kazi ngumu.

Kwa atakayejaribu: asizifunike kadi kwa plastiki inayong'aa, kwa sababu mwanga ukiakisika kamera haisomi, na awafundishe wanafunzi kushika kadi pembeni ili vidole visizibe umbo. Faida niliyoiona kubwa kuliko zote ni kwamba hakuna saa inayohesabu. Namwona kwa macho yangu aliyeinua kadi, akaishusha, akafikiri, kisha akaigeuza. Hiyo peke yake ni habari ambayo orodha ya vinara haiwezi kunipa.

Mwanafunzi

Walimu, shikamooni. Ninachangia nikiwa upande wa wanaoulizwa. Katika Kahoot!, jibu sahihi la papo hapo hupata hadi alama 1000, lakini atakayejibu sahihi muda ukiwa ukingoni huambulia karibu nusu yake. Maana yake ni kwamba anayesoma swali hadi mwisho anaadhibiwa kwa kusoma. Mimi ni msomaji wa taratibu, na katika maswali ya hesabu nimewaona wenzangu wakibonyeza rangi yoyote (kila jibu lina rangi yake) mapema kwa kubahatisha, kisha wakatokea miongoni mwa vinara watano wanaoonyeshwa kwenye skrini. Kwa maswali ya kukumbuka, kama miji mikuu au alama za elementi, sina malalamiko, kwa sababu wepesi hapo ni sehemu ya kujua. Kwa maswali ya kukokotoa, ninaomba walimu waongeze muda, au waondoe alama kabisa kwenye swali husika, jambo ambalo mchezo wenyewe unaruhusu. Programu nyingine ya chemshabongo, Quizizz, ambayo tangu mwaka 2025 inaitwa Wayground, inaniwezesha kwenda kwa mwendo wangu kwenye skrini yangu, na mwalimu akizima kipima muda ninafikiri vizuri zaidi.

Mkufunzi wa Uuguzi

Mwanafunzi ameligusa jambo la msingi. Mimi nitaongezea la wakati. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 majaribio ambamo wanafunzi walisoma vifungu vifupi, kisha baadhi wakavisoma tena na wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Tangu nilipoelewa hilo, chemshabongo za mwisho wa kipindi nimezipunguza sana, kwa kuwa humfurahisha mkufunzi kwa majibu ambayo bado yana joto la mhadhara. Sasa naanza kipindi kwa maswali ya wiki iliyopita, nikichanganya na machache ya zamani zaidi.

Nina tahadhari moja pia. Wodini mgonjwa haji na machaguo manne. Kulitambua jibu kati ya manne ni kazi nyepesi kuliko kulitoa kichwani, kwa hiyo naonyesha swali tupu kwanza, kila mmoja anaandika jibu lake kwenye daftari, na ndipo machaguo yanafunguliwa.

Mgeni jukwaani

Na mtandao ukikatika katikati ya mchezo?

Mwalimu wa Fizikia (mleta mada)

Nasoma maswali kwa sauti, wananyoosha vidole kifuani kwa idadi, kimoja hadi vinne. Sijaona tofauti kubwa katika mjadala unaofuata.

Mwalimu wa Hisabati

Kwangu mambo yalibadilika nilipowaachia wanafunzi watunge maswali wenyewe. Sharti ni moja: kila jibu lisilo sahihi litokane na kosa ambalo mtu anaweza kulifanya kweli. Kwa nusu jumlisha theluthi, jibu sahihi ni 5/6, na kundi moja liliweka 2/5 kama mtego, likaandika pembeni kwamba ni la mtu aliyejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kundi jingine lilijaza namba zozote, nikawarudishia. Mchezo ukichezwa, alama zake siziingizi popote. Ninachosahihisha na kutunza ni yale maelezo ya pembeni, kwa sababu aliyeweza kueleza kosa limetoka wapi ameielewa kanuni, awe ameshinda au ameshika mkia.