Refa wa mechi ya kirafiki alipwe, au apewe maji tu? Tupeane uzoefu

FirimbiYaKatuba
Wakubwa, salamu. Kiangazi kimeingia, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, na kila timu ya Lubumbashi inatafuta mechi za kirafiki kabla ligi ya entente (chama cha mpira cha mji) haijaanza. Lile neno nalo limerudi: "Refa, kuja utusaidie, ni zoezi tu." Zoezi la nani? Refa wa kati anakimbia kilomita 10 hadi 12, kombe liwepo lisiwepo. Konda wa basi la Ruashi naye hamuulizi abiria kama mechi ni ya ligi au ya kirafiki. Kwenu malipo yanapangwaje, na yanaharibikia wapi?

Kibendera_Ruashi
Yanaharibikia kwenye bahasha ya baada ya mechi. Mwenyeji anaahidi, akifungwa, mweka hazina amezima simu. Akishinda ni mbaya zaidi, maana analipa peke yake mbele ya wageni na wageni wanaondoka wakisema refa amenunuliwa. Dawa: kila timu itoe nusu, KABLA ya kurusha sarafu, mkononi mwa mtu mmoja asiye wa upande wowote. Karatasi moja, sahihi tatu. Ikiwa ni kwa simu, itumwe pamoja na ada ya kutolea, la sivyo refa anakatwa makuta (pesa) yake mwenyewe.

KijanaWaKenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ya Nairobi)
Kweli tupu.

KochaWaVumbi
Mnataka kuua timu ndogo. Timu ya mtaa ina mipira miwili, na mmoja umevimba kama andazi. Mechi za zoezi wapewe mastajieri, marefa wanafunzi! Anayejifunza urefa anahitaji mechi kama kipa anavyohitaji mashuti. Nauli, maji, sahani ya bukari (ugali), imeisha. Hata marefa wakubwa zinawafaa: jaribio la FIFA ni mbio 6 za mita 40, halafu mita 75 za kukimbia na 25 za kutembea, mara 40, yaani mizunguko 10 ya uwanja wa riadha. Pumzi hiyo wataitoa wapi?

FirimbiYaKatuba
Kocha, mizunguko 10 mtu anaikimbia alfajiri peke yake bila kutukaniwa mama. Stajieri sawa, lakini awe na mkufunzi pembeni mwenye kalamu, amwambie wakati wa mapumziko: "Kwenye kona ulisimama vibaya, kipa alikuziba." Bila huyo anafanya mazoezi ya makosa yake. Na mkufunzi naye ana nauli.

KochaWaVumbi
Haya, sasa tunalipa mpaka wanaoandika.

MzeeWaMstari
Mnabishana juu ya firimbi. Kinacholipwa ni ile nusu saa kabla ya firimbi.

Shikeni mfano huu, wengine mtaujua. Goli la chuma, la kuhamishika, limeegeshwa tu juu ya udongo wa Agosti, mgumu kama sakafu. Refa ni wa "kusaidia", hakuna aliyemlipia kitu, ametoka kazini akafika dakika mbili kabla. Anafunga kamba za viatu huku anapuliza. Hakukagua kitu. Kipa anaruka kuning'inia kwenye mtambaa panya, kama makipa wote wanavyofanya. Goli zima linapinduka mbele. Kijana anaanguka chali, chuma kinashuka na kubana fulana yake kwenye udongo, hapa kwenye bega. Kiganja kimoja kutoka shingoni. Hata muuza maji alinyamaza. Mechi yenyewe haikuwa na kamisaa, wala ripoti, wala mtu wa kuulizwa.

Sheria ya 1 inataka goli lifungwe imara ardhini, na haikusema "isipokuwa mechi ya zoezi". Kulipima hakuhitaji chombo: simama nyuma, shika nguzo kwa usawa wa kifua, sukuma mbele kwa mikono miwili. Kisigino cha goli kikinyanyuka, hakuna mechi. Na uzito unawekwa kwenye bomba la NYUMA linalolala chini. Watu wanarundika mawe kwenye miguu ya mbele, pahali ambapo hayazuii chochote, kwa sababu goli linapindukia kule kule.

KijanaWaKenya
Eeh Mungu. Mifuko mingapi, mzee?

MzeeWaMstari
Anza na minne ya kilo 50, mchanga, mfuko ndani ya mfuko maana jua linaichana. Kisha sukuma tena. Likinyanyuka, ongeza.

KijanaWaKenya
Si tuchukue slagi kule kwenye terili, kile kilima cha mabaki ya kuyeyusha shaba? Nzito kuliko mchanga 😂

MamaKampemba
Utakamatwa kabla ya mechi, baba. Chukua nondo, ikunje kama U, ipigie nyundo juu ya bomba la nyuma kwa kuilaza kidogo. Kiangazi inashika vizuri. Mvua za Novemba zikilainisha udongo, inang'oka kama karoti, hapo rudini kwenye mifuko. Na mistari msichore kwa chokaa isiyozimwa! Ikikutana na jasho inaunguza ngozi, ikiingia jichoni ni hospitali. Majivu yanatosha.

Kibendera_Ruashi
Tulianza na malipo, sasa tuko kwa fundi chuma.

KochaWaVumbi
Basi nirudishe mada. Mnalipwa, halafu mnatuharibia zoezi. Mchezaji wangu akipewa nyekundu dakika ya 20, juu ya nini nisiweke mwingine nicheze 11 kwa 11? Nimekuja kujaribu mfumo, si kucheza pungufu.

FirimbiYaKatuba
Aliyefukuzwa baada ya mpira kuanza hana wa kuziba nafasi yake. Kirafiki au si kirafiki.

KochaWaVumbi
Wengine wanakubali.

MzeeWaMstari
Refa ambaye hajalipwa anakubali kila kitu, anataka kwenda nyumbani.

Kibendera_Ruashi
😂😂 Kocha, unachoweza kupatana ni idadi ya wachezaji wa akiba: timu zikubaliane kiwango cha juu, refa aambiwe kabla ya mechi. Dakika pia: ukitaka vipindi vya dakika 30, sema kabla. Vipindi vitatu vya 30 ni 90 zile zile, usije kuomba punguzo. Na mwenye hasira mtoe mapema, refa akishamwita kapteni mara ya pili ujue kadi iko njiani.

MamaKampemba
Bei basi, mbona hamsemi? Pendekezo: nusu ya posho ya ligi, nauli juu yake. Ikigawanywa mafungu 10, refa wa kati 4, kila mshika kibendera 3. Timu ikishindwa, ilete refa mmoja aliyelipwa vizuri kuliko watatu wa bure, na vibendera vishikwe na wachezaji wa akiba kwa kutoka nje tu. OFSAIDI WASIGUSE.

FirimbiYaKatuba
Nusu ni kidogo.

KijanaWaKenya
Nusu ni nyingi, tajiri wetu ni muuza mkaa.

KochaWaVumbi
Haya. Jumamosi saa tisa tuna mechi, natafuta wa kati na vibendera wawili. Nauli nitatoa.

Kibendera_Ruashi
Na nusu ya kila timu kabla ya sarafu?

KochaWaVumbi
Nitaongea na wageni. Mipira tunayo.

MzeeWaMstari
Mzingo sentimita 68 hadi 70, kocha. Kuja na utepe, tupime lile andazi.