Tupeane uzoefu: ulimdhani mkaidi, kumbe...

Mama wa Watatu:

Wazazi wenzangu, salaam. Mada hii naianzisha na jambo ambalo bado linaniuma.

Mwanangu wa pili alipoingia darasa la kwanza, mwalimu aliniita mara tatu katika muhula mmoja. Mtoto hasikilizi. Akiambiwa afungue daftari, anamtazama kwanza jirani yake anafanya nini, ndipo naye afanye. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, kimya. Nikimfuata kwa ukali anageuka na kunitazama kama ndiyo kwanza anasikia jina lake. Nilimchapa, na si mara moja.

Siku moja shangazi yake alishinda kwetu, akaniambia, "Wifi, huyu mtoto anakusoma midomo." Tukampeleka kupimwa masikio. Alikuwa na ute umejaa nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Ute ule haukumletea homa wala usaha, na maumivu kama yalikuwepo hayakuwa ya kumliza, ndiyo maana hatukushtuka. Daktari alisema sauti zilikuwa zikimfikia kama mtu aliyezamisha kichwa majini. Kwa watoto wadogo hutokea sana, hasa baada ya mafua, na mara nyingi huisha wenyewe ndani ya miezi 3 hivi. Wa kwake ulikuwa umeganda. Walimtoboa kitundu kidogo kwenye ngoma, wakautoa, wakaweka kijibomba cha kupitisha hewa.

Jioni ya kurudi nyumbani alisimama sebuleni akauliza ni kitu gani kinalia. Ilikuwa saa ya ukutani.

Basi kila mwenye kisa kama hiki akilete. Kati ya miaka 3 na 11, ni wapi ulimwona mtoto mkaidi, mvivu, mwongo au mzito, kumbe lilikuwa jambo lingine? Waliokuta ni umri tu na waliokuta ni la kutibiwa, wote karibuni.

Baba Mapacha:

Pole sana dada. Nyie mlimpeleka, wengi hawapelekwi kabisa.

Kwangu ilikuwa uongo. Wanangu walipofika miaka 4 walianza kunidanganya mchana kweupe. Kikombe kimevunjika, mikono imelowa, anasema ni paka. Hatuna paka. Niliingiwa na hofu kwamba nalea wezi. Mke wangu, ambaye amesomea malezi ya watoto wadogo, akanionyesha kitu. Alichukua boksi la kalamu za rangi, akatoa kalamu, akajaza vijiwe, akamfunulia mtoto wa ndugu yangu wa miaka 3. Kisha akamuuliza: "Kaka yako hajaona humu ndani. Akija akaliona boksi, atasema lina nini?" Mtoto akajibu, "Mawe!" Kwake, akijua yeye basi ulimwengu mzima unajua. Tukawauliza wale mapacha, wakacheka: "Atasema kalamu, si hajafungua!"

Nilielewa hapo. Mtoto hawezi kukudanganya vizuri mpaka agundue kwamba kilichomo kichwani mwake hakimo kichwani mwako, na wengi hugundua hilo karibu na miaka 4. Bado namkanya akidanganya, lakini simwiti mwizi.

Mwalimu wa Awali:

Nina miaka mingi na watoto wa miaka 4 hadi 8, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Kinachoniumiza zaidi ni wazazi wanaoniambia "mwanangu anajua kuhesabu mpaka 20" halafu wanakasirika nikiwaambia bado. Mtoto anaimba namba vizuri, lakini ukimwambia "nipe kalamu 5" anakushikisha fungu lote. Wimbo anao, wingi bado. Akihesabu kalamu 5 ukamuuliza "ziko ngapi?" naye akaanza upya moja, mbili, tatu, ujue hajatambua kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu. Kumpa kazi za kujumlisha kwenye karatasi wakati huo ni kumtesa.

La pili ni maji. Ndugu wawili wanagombana, mmoja kapewa glasi ndefu nyembamba, mwingine kikombe kifupi kipana. Unamimina mbele yao kuonyesha ni sawa. Mdogo analia bado: ya kaka ni mengi! Mzazi anamwita mchoyo. Jean Piaget, yule Mswisi aliyechunguza fikra za watoto, alionyesha kwamba mtoto wa miaka 4 au 5 hushikwa na kimo cha maji akasahau upana. Kufika miaka 7 hivi wengi watakwambia wenyewe, "Hujaongeza wala hujapunguza, ni yale yale." Hayafundishwi kwa kofi. Mpe vyombo na maji acheze.

La tatu, herufi. Nina daftari la mtoto wa miaka 6 aliyeandika "dada ana ndevu". Alikusudia baba. Kijiko ukikigeuza kinabaki kijiko, kiti nacho vivyo hivyo. Herufi b na d ndivyo vitu vya kwanza maishani mwake vinavyobadilika jina kwa kugeuka tu. Kugeuza herufi mpaka miaka 7 hivi ni kawaida. Akipita hapo bado anageuza, na kusoma kunamtoa jasho wakati mambo mengine anayashika haraka, usingoje. Omba apimwe namna anavyosoma.

Bibi wa Wajukuu:

Wanangu, mjukuu wangu ana miaka 5, anaongea peke yake akijenga vijumba vyake. "Sasa weka hiki, hapana kitaanguka, weka kile." Mama yake anamkataza, anasema watu watamdhania ana kasoro. Mwalimu, unasemaje?

Mwalimu wa Awali:

Shikamoo bibi. Mwacheni aongee. Lev Vygotsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget, 1896, alieleza kwamba hiyo ni fikra iliyovaa sauti: mtoto anajiongoza kwa maneno aliyozoea kuongozwa na wakubwa. Itapungua ikawa mnong'ono, kisha itaingia ndani. Sikiliza, utaona kazi ikiwa ngumu ndipo anazidi kusema.

Bibi wa Wajukuu:

Marahaba. Nitamwambia mama yake.

Msomaji Kimya:

Leo naandika kwa mara ya kwanza. Wangu alikojoa kitandani mpaka miaka 8. Tulimwaibisha mbele ya wadogo zake, Mungu anisamehe. Siku baba yake alipomwambia faraghani kwamba naye aliacha akiwa na miaka 9, mtoto alilala usingizi wa amani. Aliendelea kukojoa miezi kadhaa, lakini aliacha kuficha shuka.

Muuguzi:

Umefanya vema kusema. Kati ya watoto 100 wa miaka 5, kama 15 bado wanalowesha kitanda, na mara nyingi ni jambo la ukoo. Mtoto hakusudii, amelala. Ila nawaomba mtenganishe: aliyekuwa amekauka miezi 6 au zaidi akaanza tena, mpelekeni apimwe. Na kama anaanza tena huku ana kiu isiyoisha na anakonda, aende hospitali siku hiyo hiyo, maana inaweza kuwa kisukari.

Nyongeza fupi: karibu na miaka 6, nyuma kabisa ya meno yote ya utoto, huota gego bila jino lolote kung'oka. Wazazi hulidhania la utoto, likioza wanasema litatoka. Halitoki, ni la kudumu.

Baba wa Darasa la Nne:

Wa kwangu ni macho. Miaka mitatu ya "mvivu wa kunakili ubaoni". Alipovaa miwani nilimuuliza kwa nini hakusema haoni. Akajibu alidhani kila mtu anaona ukungu, na wenzake ni hodari tu wa kubahatisha. Angejuaje? Tangu hapo siwaulizi watoto kama wanaona. Namsimamisha mbali, nafunika jicho moja, namwambia asome, kisha la pili. Akibabaika, twende kwa mtaalamu.

Msomaji Kimya:

Mama wa Watatu, hujatuambia mwanao anaendeleaje.

Mama wa Watatu:

Ana miaka 9 sasa. Kijibomba kilidondoka chenyewe, masikio yamepimwa tena, anasikia vizuri. Mazoea hayajamtoka: nikianza kusema, macho yake yanakuja mdomoni kwangu. Kwa hiyo naacha kwanza ninachofanya, nachuchumaa usawa wake, ndipo namwambia. Juzi aliniambia, "Mama, sema tu, nakusikia."