Bima ya vyombo vya ndani: moto pekee au moto na wizi?

MpangajiSinza
Habari za jioni wakuu. Nimepanga vyumba viwili Sinza, nataka kukatia bima vyombo vyangu: friji, TV, masofa na laptopu ya ofisini. Wakala kaniletea aina mbili. Ya kwanza ni moto na radi, bei nafuu. Ya pili inaongeza wizi, mafuriko na bomba kupasuka. Mwenye nyumba anasema yeye ana bima tayari. Nichukue ipi?

BiTabata
Mwanangu, bima ya mwenye nyumba ni ya kuta na bati. Sofa lako halimo. Chukua ya pili.

KalamuNyekundu
Ya pili, ila soma wizi umeelezwaje. Mwaka 2021 dada wa kazi alitoka kwenda kununua vitunguu, akarudisha mlango bila kufunga. TV ikaondoka. Mkaguzi alipokuja alishika kitasa, akatazama nondo za dirisha, akaandika: hakuna dalili ya kuvunja. Sikupata hata senti, na mkataba ulisema hivyo tangu mwanzo. Inaniuma mpaka leo kwamba sikuusoma.

WakalaMstaafu
Nakubaliana naye, lakini linaloumiza wengi ni kuandika thamani pungufu ili ada ishuke. Una vitu vya milioni 10, umeandika milioni 5. Moto ukila vya milioni 2, utalipwa milioni 1, kwa sababu umekatia bima nusu tu ya thamani, tena hapo wanakata sehemu unayojigharamia mwenyewe. Uliza pia kama wanalipa bei ya kununua kipya au wanatoa uchakavu. Laptopu ni mali ya mwajiri, usidhani imo. Hata ingekuwa yako, ikiibiwa kwenye daladala unahitaji kipengele cha vitu vya kutembea navyo. Na hakikisha wakala amesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

FundiFriji
Umeme ukirudi kwa nguvu friji ikaungua kompresa, je? Hizo ndizo naletewa kila wiki.

WakalaMstaafu
Mara nyingi hiyo haihesabiwi moto. Aombe iongezwe kwa maandishi.

MpangajiSinza
Asanteni sana. Nimempigia wakala wangu: umeme haumo kwenye zote mbili, anaongeza kwa ada kidogo. Nachukua ya pili pamoja na hicho kipengele. Orodha ya vyombo na thamani yake nimeanzia jikoni. Jiko la gesi, blenda na sufuria tu vimefika laki nane, na friji bado sijaiandika.