Moduli na plagini nilizokwisha kununua: nikihamia toleo jipya nalipia tena?

mpenda_pikseli

Wakuu, naomba ufafanuzi kabla sijatoa kadi.

Nina GameMaker: Studio 1.4 (programu ya kutengenezea michezo) yenye moduli mbili za kulipia, yaani nyongeza za kutolea mchezo kwenye jukwaa fulani: Android na HTML5 (mchezo wa kwenye kivinjari). Juu yake nina plagini tatu za dukani: moja ya matangazo ya simu, moja ya kuhifadhi data inayotumia DLL (faili la msimbo wa Windows uliokwisha kujengwa), na moja ya mfumo wa mazungumzo iliyoandikwa kwa GML tupu (lugha ya GameMaker yenyewe). Vipo pia vifurushi kadhaa vya picha na sauti. Mchezo tayari uko Google Play na unaingiza kidogo kwa matangazo. Sasa nataka kuusasisha, na nataka nifanye hivyo nikiwa kwenye toleo la sasa la GameMaker.

Moduli nilizolipia zinahama na akaunti au naanza moja? Plagini nazo je? Na kama nalipia tena, nalipia nini hasa, maana kitufe cha kutolea mchezo wa Android ni kilekile?

Msanifu_K

Kwa kifupi: moduli hazihami, picha na sauti zinahama, plagini inategemea imetengenezwa na nini. Watu wengi wanavitia vitu hivi vitatu kapu moja na kuviita "nyongeza", kisha ama wanalipia visivyohitajika ama wanakata tamaa mapema.

Tuanze na moduli. Leseni yako ya 1.4 ni ya kudumu na hakuna aliyekunyang'anya, lakini inadumu kwa mfululizo wa 1.x tu. GameMaker Studio 2 ilipotoka mwaka 2017 ilihesabika bidhaa mpya, na bei zilipangwa kwa makundi: Desktop dola 99, Web dola 149, Mobile dola 399. Wenye moduli za zamani walipewa punguzo, hawakupewa bure. Mwaka 2021 mfumo ukageuzwa kuwa wa kulipia kwa mwezi au kwa mwaka. Novemba 2023 ukageuzwa tena, na safari hii kwa faida yako: asiyefanya biashara hutumia bure, anayefanya biashara hulipa dola 99.99 mara moja, na ndani ya malipo hayo Windows, macOS, Ubuntu, Android, iOS na HTML5 zote zimo. Kilichobaki kando ni konsoli (mashine za michezo kama PlayStation), zinazohitaji leseni ya Enterprise ya kulipiwa kila mwezi au kila mwaka.

Kwa hiyo hesabu ya "Android kivyake, HTML5 kivyake" haipo tena. Mchezo wako una matangazo, basi ni wa kibiashara. Utalipa mara moja, biashara imekwisha.

Sasa hilo la kitufe. Kitufe cha Android ndani ya programu ni kazi ndogo kuliko zote. Kazi kubwa ni kukimbizana na masharti ya Google na Apple, ambayo hayatulii. Tangu tarehe 1 Agosti 2019, Google Play inataka programu zenye msimbo asilia ziwe na sehemu ya 64-bit (muundo mpya wa prosesa, uliochukua nafasi ya 32-bit), 1.4 hutoa APK (faili la programu ya Android) ya 32-bit. Tangu Agosti 2021, programu mpya hupokelewa zikiwa AAB (muundo mpya wa faili la kupakia), si APK, 1.4 haijui AAB ni nini. Kila mwaka kiwango cha API (yaani toleo la Android) unachotakiwa kulenga kinapandishwa. Upande wa iOS, Apple nao huinua toleo la Xcode (zana yao ya kujengea programu) wanalolikubali. Hata leo ukipewa moduli ya zamani kwa mkono, sasisho lako halipiti mlangoni. Ukiniuliza mimi, kulipia tena kitu kinachohitaji matunzo ya kila mwaka ni haki. Kulipia tena picha zilezile za PNG si haki, na wala hutakiwi.

Picha na sauti: fungua leseni iliyokuja na kila kifurushi utafute sentensi mbili tu. Je, inaruhusu matumizi ya kibiashara? Je, inakufunga kwenye injini moja (programu moja ya kutengenezea michezo)? Baadhi ya vifurushi vinavyouzwa pamoja na programu ya michezo vimeandikwa kwamba vitumike ndani ya programu hiyo pekee. Ukibaki GameMaker huna shida. Ukihamia kwingine ndipo sentensi ya pili inauma.

gml_kila_siku

Msanifu kamaliza upande wa leseni. Mimi nishike plagini, maana ndiko pesa zinakopotea bila sababu. Nazichukua tatu zako moja moja.

Mfumo wa mazungumzo wa GML tupu. Huu usiununue tena kabla hujajaribu. Ukiingiza mradi wa 1.4 kwenye toleo jipya, kigeuzi huupitia msimbo wote na kuongeza folda la skripti za uoanifu, ambazo majina yake huanza na alama mbili za chini. Mstari uliokuwa hivi:

`xx = view_xview[0];`

utaukuta umekuwa hivi:

`xx = __view_get( e__VW.XView, 0 );`

Unafanya kazi, ila ni gongo la kutembelea. Ukiwa na muda andika `camera_get_view_x(view_camera[0])`, kwa sababu mfumo wa views (sehemu ya mchezo inayoonekana) umewekwa chini ya kamera. Vingine vya kubadilisha kwa mkono: `instance_create` iwe `instance_create_layer` au `instance_create_depth`, `array_length_1d` iwe `array_length`. Chochote kinachoanza na `background_` kimekufa, kwa sababu rasilimali ya background haipo tena, zote ni sprite. Kama plagini inatumia `d3d_` (michoro ya 3D ya zamani), hapo kuna kazi ya kweli: inabidi uandike kwa vertex buffer na matrix. Mfumo wa mazungumzo hauna sababu ya kuwa na hayo.

Kuna kizingiti kingine kilichokuja na 2.3 mwaka 2020. Kabla ya hapo faili moja la skripti lilikuwa kazi (function) moja. Sasa faili moja linaweza kubeba kazi nyingi, na kila moja lazima itangazwe kwa neno `function`. Kigeuzi hufunga skripti zako za zamani humo chenyewe. Ila ukinakili msimbo kwa mkono kutoka 1.4 na kuubandika bila `function`, hutekelezwa mara moja mchezo unapoanza, kabla kitu chochote hakijaundwa, na utapata kosa la variable ambayo haijawekwa. Watu wengi hudhani plagini ndiyo mbovu.

Ya DLL. Programu inayoendeshwa kama 64-bit haipakii DLL ya 32-bit. Hiyo ni kanuni ya Windows, GameMaker haina la kufanya. Toleo jipya hujenga 64-bit, na DLL za enzi za 1.4 karibu zote ni 32-bit. Dalili yake: mchezo unafunguka vizuri, kisha kila mwito wa plagini unarudisha sifuri au `undefined`. Ama mwandishi atoe DLL mpya, ama uachane nayo. Na kwa kuhifadhi data mimi ningeachana nayo. `json_stringify` hugeuza struct (kundi la data) kuwa maandishi ya JSON, unayatia kwenye buffer (hifadhi ya muda), `buffer_save` inaandika diskini. Kusoma ni `buffer_load` na `json_parse`. Ni mistari kumi hivi, na inafanya kazi Android pia, ambako DLL haijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Angalizo: kwenye Windows, mchezo huhifadhi mafaili ndani ya `%localappdata%` katika folda lenye jina la mradi. Ukiubadilisha jina mradi wakati wa kuhama, wachezaji wa zamani watakuta kila kitu kimeanza sifuri. Na kama DLL ilikuwa na muundo wake wa faili, soma data ya zamani ukiwa bado 1.4, uitoe kwa JSON, ndipo uhame.

Ya matangazo. Hiyo isahau kabisa. Plagini ya matangazo ni ganda juu ya SDK (maktaba ya msimbo) ya mtandao wa matangazo, na SDK ya miaka ile haikubaliki tena. Usinunue nyingine: kiendelezi rasmi cha AdMob (mtandao wa matangazo wa Google) kwa GameMaker kinatolewa bure na watengenezaji wenyewe, kipo GitHub. Majina ya kazi ni tofauti, kwa hiyo miito yako yote uiweke kwenye skripti moja yako mwenyewe, mfano `tangazo_onyesha()`, ili siku nyingine ukibadilisha mtandao uguse sehemu moja tu.

injini_mbili

Kwa watakaosoma uzi huu wakiwa hawatumii GameMaker, mantiki ni ileile.

Unity (injini nyingine ya michezo): enzi za toleo la 4, Pro ilikuwa dola 1,500, na nyongeza za iOS Pro na Android Pro zilikuwa dola 1,500 kila moja. Mipango mipya ya bei ya mwaka 2016 ikafuta utaratibu huo. Siku hizi wa kuangaliwa ni wauzaji wa Asset Store, duka la Unity. Muuzaji anaruhusiwa kutoa toleo jipya kama bidhaa mpya na kuwapunguzia bei wenye la zamani, lakini bei hiyo huioni mpaka uwe umeingia kwa akaunti ileile uliyonunulia. Bidhaa iliyoondolewa dukani bado inapakuliwa na aliyeinunua, kupitia My Assets. Na kabla hujapandisha toleo, nakili folda la `Asset Store-5.x` (kwenye Windows limo ndani ya `%APPDATA%\Unity`), kwa sababu humo ndimo mna `.unitypackage` ulizopakua; ukipakua upya toleo jipya la aseti, la zamani linaweza kufutika. Vitu vikigeuka rangi ya waridi kali baada ya kuhama, usikimbilie kununua. Mara nyingi ni sheda (msimbo wa kupaka rangi) za Built-in, mfumo wa zamani wa uchoraji, zilizoingizwa kwenye URP, mfumo mpya, na materiali za kawaida hubadilishwa kwa Render Pipeline Converter. Sheda alizoandika muuzaji mwenyewe ndizo zisizobadilika zenyewe.

Unreal (injini nyingine): ukiona ujumbe kwamba moduli (hapa ni vipande vya msimbo wa plagini) zimejengwa kwa toleo tofauti la injini, angalia kama plagini ina folda la `Source`. Likiwapo, unaijenga mwenyewe:

`RunUAT.bat BuildPlugin -Plugin="D:\Kazi\Jina.uplugin" -Package="D:\Kazi\Tayari"`

Faili hilo la bat limo `Engine\Build\BatchFiles` la toleo jipya. Lazima uwe na Visual Studio yenye zana za C++, na folda la `-Package` lisiwe lile lenye chanzo. Plagini ikiwa na `Binaries` tu (msimbo uliokwisha kujengwa) bila `Source`, huna ujanja, msubiri mwandishi.

mpenda_pikseli

Nashukuru sana. Sasa mpangilio: nalipa dola 99.99 kwanza ndipo nihamishe, au? Na Google Play watakubali kwamba ni mchezo uleule?

Msanifu_K

Lipa mwisho. Leseni ya bure inakuruhusu kuujenga na kuujaribu kwenye simu yako mwenyewe. Kinachozuiwa ni kuuchapisha kibiashara. Kwa hiyo:

Toa `.gmz` (faili la mradi mzima) kutoka 1.4 na uiweke pembeni bila kuigusa. Ondoa plagini ya matangazo na ya DLL kwenye nakala nyingine, hakikisha bado inafunguka ndani ya 1.4, ndipo uingize nakala hiyo kwenye toleo jipya. Ukiingiza na plagini mbovu ndani yake, makosa yanachanganyika na hutajua lipi limetoka wapi. Endesha kwanza kwenye Windows, kisha kwenye simu, kisha rudisha matangazo kwa kiendelezi kipya. HTML5 haina mengi, isipokuwa usifungue `index.html` kwa kubofya mara mbili. Ijaribu kupitia seva.

Kuhusu Google Play, wao hawaangalii umejenga na nini. Wanaangalia vitu vitatu: jina la kifurushi liwe lilelile herufi kwa herufi, namba ya version code iwe kubwa kuliko iliyopo dukani, na saini iwe ileile. Hilo la tatu ndilo linaloua watu. Toleo jipya ukiliandaa kwa Android kwa mara ya kwanza linakutaka keystore (faili la ufunguo wa saini), na mtu anabofya tu kutengeneza mpya. Usitengeneze. Lielekeze kwenye faili lako la `.keystore` la zamani, pamoja na alias (jina la ufunguo ndani yake) na nywila zake mbili. Kabla ya yote, lihakiki:

`keytool -list -v -keystore jina.keystore`

Linganisha SHA-1 (alama ya utambulisho ya ufunguo) unayoiona na ile ya Play Console kwenye ukurasa wa saini ya programu. Zikifanana, endelea. Ukitaka kuanza kupakia AAB kwa mchezo uliokuwa wa APK, utajiunga na Play App Signing (huduma ambayo Google hukutunzia ufunguo wa saini) na kuwakabidhi ufunguo huo wa zamani. Wanakupa zana ya kuufunga kabla ya kuutuma.

gml_kila_siku

Niongeze hapo: kama faili la keystore limepotea na hukuwa umejiunga na Play App Signing, hakuna leseni wala plagini ya kukusaidia, utachapisha kwa jina jipya la kifurushi na wachezaji wote unawaacha kule. Kama ulikuwa umejiunga, unaomba ufunguo wa kupakia ubadilishwe na kazi inaendelea. Hilo litafute leo, kabla hujapakua chochote.

mpenda_pikseli

Nimeendesha keytool, SHA-1 zinalingana. Imeleta onyo la kuhamia PKCS12, nilipuuze?

gml_kila_siku

Lipuuze, ni muundo wa faili tu, ufunguo ni uleule. Lakini nakili hilo faili sehemu mbili, moja iwe nje ya kompyuta hiyo.