Sinema za damu na matusi kwenye mabasi na TV: zikatwe au tuzoee?

Mama Neema, Nkuhungu
Jumamosi nimetoka Dar kuja Dodoma kwa basi na mwanangu wa miaka sita. Siti ya tatu kutoka mbele, TV iko juu ya kichwa cha dereva. Tulipoipita Chalinze konda akachomeka fleshi. Haikupita robo saa, mtu kwenye sinema anakatwa vidole kimoja kimoja, na mtafsiri anashindilia matusi ya nguoni kwa Kiswahili kisicho na pazia, sauti imejaa gari zima. Nikamwomba konda abadilishe. Akanijibu abiria wengine wanaangalia. Morogoro bado. Gairo bado, mtoto kalala mapajani kwangu na vidole viko masikioni. Naombeni tujadili: kuna anayekagua vitu hivi? Na kama yupo, kwa nini damu na matusi visikatwe kabla havijafika mbele ya watoto?

Kijana wa Makole
Pole mama. Ila mimi nahariri video, kazi ndiyo hiyo, nakuambia kukata ni kuua sinema. Ukiweka ule mlio wa "tiiii" juu ya tusi, hata aliyekuwa anasinzia anazinduka kuuliza kasemaje. Unakuwa umelitangaza. Halafu mtoto wako ungemgeuzia dirishani aangalie milima, mbona rahisi.

Mama Neema, Nkuhungu
Nimgeuzie dirishani kutoka Chalinze hadi Nane Nane? Na masikio nayageuzia wapi? We kijana huna mtoto. Ungekuwa naye usingeandika hivyo. Nimelipa nauli mbili kamili, yangu na yake, halafu naambiwa niangalie milima.

Kijana wa Makole
Kuwa na mtoto au kutokuwa naye kumeingiaje hapa? Nimelea wadogo zangu watatu tangu baba afariki. Usinihukumu.

Mwalimu Mstaafu, Kikuyu
Taratibu wanangu. Sheria ipo, na ni ya zamani: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976. Ndiyo iliyounda bodi ya ukaguzi, na haikuishia Dar, iliweka bodi mpaka ngazi ya mkoa na wilaya. Filamu ya kuonyeshwa hadharani inatakiwa ipitie huko kwanza. Vituo vya TV na redio viko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Sasa basi lenye abiria hamsini na kitu, kama si hadharani ni wapi? Mama Neema ana haki ya kuuliza. Katika miaka yangu yote ya kupanda mabasi sijawahi kuona mtu akimuuliza konda kibali cha kilichomo kwenye ile fleshi.

Mzee wa Bahi
Mnahangaika na sinema za kuigiza. Maneno makali yenyewe yapo pale mjengoni, kilomita chache kutoka mlipo. Ndiyo maana wakaikata Bunge laivu, yale matangazo ya moja kwa moja kwenye TV, watoto wasisikie.

Chang'ombe Asilia
Mzee shikamoo, lakini usipotoshe. Bunge laivu ilikatwa 2015 kwa sababu ya gharama. Habari ya watoto haikuwepo.

Dada Sabasaba
Si 2015. Ni Januari 2016, miezi michache baada ya uchaguzi. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nauza chai kwenye kibanda chenye TV, wateja wangu wa asubuhi walikuwa wanakuja kwa ajili ya maswali na majibu. Ile wiki vikombe vilipungua nusu. Wakatuambia TBC, televisheni ya taifa, haiwezi gharama, tutaonyeshwa vipande usiku. Kipande nani kakichagua? Ndiyo maana mimi nikisikia mtu anasema "tukate kidogo tu" moyo unashtuka. Leo anakata tusi, kesho kwa mkasi uleule anakata hoja.

Chang'ombe Asilia
Dada kwa hiyo unalinganisha TBC na konda wa basi? Na chai yako kupungua ndiyo ushahidi? Watu walikuwa wanaacha kazi kukodolea TV saa nne asubuhi. Mimi niliunga mkono na bado naunga.

Dada Sabasaba
Chai yangu imesomesha watoto wawili. Iheshimu.

Chang'ombe Asilia
Sijaidharau chai. Nimesema si ushahidi.

Mzee wa Bahi
Marahaba kijana. Lakini gharama gani hiyo? Kamera zilikuwa zimeshafungwa, ukumbi uleule, umeme uleule. Mtu mzima anajua alichokatiwa.

Karani, Area D
Niseme kitu kwa sababu nimewahi kukaa karibu na shughuli hizo. Mbunge akitamka neno lisilo la kibunge, Spika anamtaka alifute. Anasimama, anasema "nafuta kauli", anaendelea. Lakini ukumbi mzima umeshalisikia. Kwangu hiyo ni sawasawa na huo mlio wa kijana wa Makole. Tofauti ni moja: pale tunajua nani kafuta, kwa kanuni gani, na mwenye neno yupo anajitetea. Kwenye TV unaona picha imeruka tu, hujui umenyimwa nini.

Kijana wa Makole
Ndicho ninachosema tangu mwanzo! Muvi ikikatwa vibaya mtu anaingia mlangoni mzima, picha inaruka, yuko hospitali. Hujui kapigwa na nani. Afadhali waandike umri mwanzoni mwenye mtoto ajue.

Mama Neema, Nkuhungu
Waandike umri mwanzoni halafu mimi nishukie wapi, Dumila?

Fundi Nzuguni
Panda treni ya SGR dada. Tangu 2024 Dar hadi hapa ni saa tatu na ushee, mambo ya konda na fleshi huyajui.

Mama Neema, Nkuhungu
Siku ile tiketi zilikwisha. Na wanaokwenda Singida au Kondoa wapande treni gani?

Mpiga Picha wa Ipagala
Tatizo letu tunapenda kubana. Marekani hawakati kitu, ndiyo maana sinema zao zinatawala dunia.

Mwalimu Mstaafu, Kikuyu
Si kweli hata kidogo, mwanangu. Hollywood yenyewe ilijifunga kwa kanuni kali zilizosimamiwa kuanzia 1934 mpaka 1968, hata namna ya kuonyesha mauaji ilipangiwa. Walipoziacha ndipo wakaja na madaraja ya umri. Na mpaka leo vituo vyao vya kurusha hewani haviruhusiwi lugha chafu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Uingereza nao mpaka wao ni saa tatu usiku, kabla ya hapo wanahesabu kwamba watoto wako macho. Wenzetu hawakuacha ovyo, wamegawana saa.

Mpiga Picha wa Ipagala
Saa tatu usiku mtoto wa Dodoma bado yuko nje anacheza rede. Hizo saa ni za Wazungu.

Dada Sabasaba
Wa kwako labda. Wa kwangu saa mbili kalala.

Baba Kibanda, Chang'ombe
Naona kila mtu anaongea, aliyeendesha kibanda umiza, banda la kuonyeshea sinema mtaani, hajaulizwa. Nimekiendesha miaka minne, kiingilio 200 mchana, 300 usiku. Niwaambie jambo ambalo hamjaligusa: hayo matusi ya Mama Neema hayamo kwenye sinema. Nilikuwa na sinema ya Kikorea, mzee anamwambia kijana wake maneno matatu, uso umetulia, anamimina chai. Mtafsiri hapo kaweka tusi la mama, banda zima likacheka. Nikaja kuiona sinema ileile yenye maandishi ya Kiingereza chini. Yule mzee alikuwa anamwambia kijana aondoke arudi kwao. Basi. Sasa bodi ikikagua ya Kikorea itapita safi kabisa. Chafu ni sauti iliyopachikwa baadaye kwenye chumba chenye kompyuta moja na maiki.

Kijana wa Makole
Watafsiri wamewapa bibi zetu sinema ambazo wasingezielewa kamwe. Usiwachafue. Ile nayo ni sanaa.

Baba Kibanda, Chang'ombe
Ni sanaa, na imenilisha. Lakini nilikuwa na watoto wa darasa la pili kwenye benchi la mbele, wananunua kashata, wanarudia tusi kama wimbo wa shule. Siku moja mmoja wao akamtamkia mke wangu, kisa kamnyima chenji. Nilijua alikolitoa. Nikaanza kuchagua. Zile zenye matusi nikazisogeza usiku, mtoto nikimkuta mlangoni namrudisha. Mapato yalishuka mwezi mzima, yakarudi. Hakuna ofisa aliyenifuata. Niliamua kwa sababu ya kile kiti cha mbele.

Chang'ombe Asilia
Baba Kibanda wewe ndiye ulikuwa karibu na mashine ya kusaga? Nimekua pale! Ulinifukuza mara mbili.

Baba Kibanda, Chang'ombe
Kama ulikuwa kaptula nilifanya vizuri.

Mzee wa Bahi
Bado hamjanijibu gharama ya Bunge.

Mama Neema, Nkuhungu
Mzee wangu, hilo lako ni zito, lifungulie mjadala wake nije niwe wa kwanza kuchangia. Mimi nimerudi kwa Baba Kibanda. Nilikuja hapa nikidhani nataka mkasi wa Serikali. Nikimsoma Dada Sabasaba naogopa mkasi huo utaishia wapi. Lakini mtoto wangu juzi kaniuliza, "Mama, yule mtu vidole vyake viliota tena?" Nimemwambia ni rangi tu, ni maigizo. Hajaniamini. Jumapili tunarudi. Nitafika stendi mapema, nimwone konda kabla hajachomeka fleshi, nimuulize kilichomo. Akigoma nashusha begi kabla gari halijaondoka.

Karani, Area D
Muulize kabla hujalipa nauli, mama. Ukishalipa hakusikilizi.